Jinsi ya kuendesha igizo-dhima linaloisaidia jamii ya pwani kuhimili mabadiliko ya tabianchi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Je, lazima niwe mwanasayansi? Watu wazima watakubali kucheza? Mchezo wenyewe nautoa wapi? Na wakigombana nifanyeje? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, ili anayetaka kuanza asikwame pale nilipokwama mimi.

Majibu mafupi kwanza. Si lazima uwe mwanasayansi. Watu wazima hucheza, na wakishazama hata ukiwaambia muda umekwisha hawakusikii. Mchezo utauandika mwenyewe, kazi ya siku chache. Kugombana kidogo ni dalili kwamba umeuandika vizuri.

Igizo-dhima ni kikao cha kubuni. Watu sita wanakaa meza moja, kila mmoja amepewa nafasi isiyo yake, na wana saa moja ya kukubaliana mji wa mfano ufanye nini bahari inapozidi kuingia makazini. Hakuna jukwaa, hakuna maneno ya kukariri, hakuna mshindi. Mvuvi anakuwa mwenye hoteli. Afisa mipango anakuwa mpangaji wa chumba anayeamka usiku wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, kuinua godoro lisilowe. Faida yake kubwa iko hapo: mtu anatetea kwa kinywa chake hofu ambayo siku zote ameisikia kwa wengine na kuipita.

Njia hii si ya kubahatisha. Kuanzia 2012, watafiti wa chuo cha MIT wakishirikiana na Consensus Building Institute, shirika linalosaidia watu kufikia mapatano, waliandika michezo ya namna hii kwa miji minne ya pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani: Wells, Dover, Barnstable na Cranston. Kila mji uliandikiwa mchezo wake, kwa hatari zake. Wengi walitoka wakiwa na wasiwasi zaidi juu ya hatari na, wakati huohuo, imani zaidi kwamba mji wao unaweza kufanya jambo. Mambo hayo mawili kukua pamoja si kawaida. Hotuba ya kutisha huleta la kwanza tu, na watu wakarudi nyumbani wamenyong'onyea.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Washiriki 12 hadi 30. Gawanya meza za watu sita sita. Meza moja haitoshi. Utaona sababu kwenye hatua ya 11.
- Mwezeshaji mmoja, na msaidizi mmoja kwa kila meza ikiwezekana.
- Muda wa saa tatu kamili. Ukiwa na saa mbili, subiri siku nyingine.
- Mahali ambapo meza haziingiliani kwa sauti.
- Karatasi ya maelezo ya wote, na karatasi ya siri kwa kila nafasi.
- Ramani ya mji wa mfano iliyochorwa kwa mkono, kubwa, moja kwa kila meza.
- Kokoto au vifuniko vya chupa 100 kwa kila meza. Hii ndiyo bajeti.
- Dadu moja.
- Vibandiko vya kifuani vyenye jina la nafasi.
- Dodoso fupi la maswali manne, nakala mbili kwa kila mtu.

Kompyuta na projekta achana nazo. Watu wakitazama ukutani hawatazamani.

Hatua kwa hatua

1. Sikiliza kabla ya kuandika. Zungumza na watu wanane hadi kumi wa jamii unayokwenda kuihudumia: wazee, wavuvi, wenye biashara, wapangaji, watu wa ofisi ya mipango, vijana. Usiwaulize "mnafikiri nini juu ya mabadiliko ya tabianchi". Waulize maji yalifika wapi safari ya mwisho, nani alihama, kisima gani kilianza kuonja chumvi, na kitu gani wanaogopa kukipoteza. Mtu akikuonyesha kwa kidole alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba yake, ipime. Sentimita hizo zitakufaa kuliko ripoti nzima.

2. Buni mji. Mji wa mchezo ufanane na mji halisi kwa hatari, lakini usiwe mji halisi. Upe jina la kubuni, badilisha ufuo, sogeza shule. Watu wakiona mtaa wao kwenye ramani huacha kucheza na kuanza kulinda viwanja vyao. Mji ukiwa wa mbali kabisa, wenye theluji na mabwawa ambayo hawajapata kuyaona, nao hautawagusa. Kipimo changu ni hiki: mshiriki atazame ramani acheke kidogo na kusema, "Hapa napajua."

3. Weka takwimu chache, za kweli. Nne au tano zinatosha. Hizi ni za ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, na unaweza kuzitumia popote:

- Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20.
- Kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda kwa takriban milimita 3.7 kila mwaka, kasi kubwa kuliko ya miongo ya nyuma.
- Kufikia 2100, ukilinganisha na wastani wa 1995 hadi 2014, kadirio ni sentimita 28 hadi 55 iwapo gesi zinazoipasha dunia joto zitapunguzwa sana, na sentimita 63 hadi 101 iwapo zitaendelea kuongezeka sana.
- Mafuriko ya bahari ambayo zamani yalitokea mara moja kwa miaka 100, kufikia 2100 yanatarajiwa kutokea angalau kila mwaka katika zaidi ya nusu ya vituo vya kupimia usawa wa bahari.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaamsha watu, kwa hiyo ieleze vizuri. Mtu akisikia "sentimita 30" huonyesha kwa mkono urefu wa goti na kusema si kitu. Mwambie sentimita 30 haziji peke yake. Zinaongezwa juu ya bamvua, na siku ya upepo mkali zinaongezwa juu ya bamvua na mawimbi. Tuta lililokuwa likivukwa mara moja katika umri wa mtu litavukwa mara nyingi, ingawa tuta ni lile lile.

4. Orodhesha machaguo, na hakikisha fedha haitoshi. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Wakiweka bajeti inayotosha kila kitu, meza hukubaliana kwa dakika kumi na mchezo umekufa. Mfano ninaoutumia, kwa kokoto 100:

- Ukuta wa bahari: 60
- Kuhamishia shule na zahanati mwinukoni: 45
- Kuinua barabara na misingi ya nyumba: 35
- Kuchimba visima vipya mwinukoni: 25
- Kurudisha mikoko: 20
- Mfumo wa kutoa tahadhari mapema: 10

Jumla ni 195. Lazima kitu kiachwe, na kila kitakachoachwa kina mwenyewe mezani.

Andika pia kasoro ya kila chaguo, kwa maneno ya kweli. Ukuta hukinga kilicho nyuma yake, lakini mawimbi yanayogonga ukuta huondoka na mchanga wa mbele yake, na kwenye ncha zake mmomonyoko huzidi kwa jirani. Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi, ila huchukua miaka kukua, na ikipandwa kwenye tope linalofunikwa na maji muda mwingi hufa. Mahali pake ni sehemu ya juu ya eneo la kujaa na kupwa. Miradi mingi imekufa kwa kosa hilo moja, miche maelfu ikipandwa pale palipokuwa wazi badala ya pale inapoota. Visima vipya vikivutwa maji kupita kiasi navyo huingiwa na chumvi. Kuhamisha watu huokoa maisha, na huvunja ujirani.

5. Andika karatasi za siri. Tumia nusu ya muda wako wote wa maandalizi hapa. Nafasi sita zinazofanya kazi vizuri ni kiongozi wa mji, mwakilishi wa wavuvi, mwenye hoteli ya ufukweni, mpangaji wa mtaa wa bondeni, mhandisi wa mji na afisa mazingira. Mpangaji usimwache nje hata ukibanwa na nafasi. Mwenye nyumba akihama ana hati na anaweza kudai fidia. Mpangaji ana vyombo na watoto tu, na katika vikao halisi mara nyingi hata kiti hana.

Kila karatasi iwe na mambo manne: anachosema hadharani, kinachomnyima usingizi, anachoweza kuachia, na jambo moja analolijua yeye peke yake. Hii hapa ya mwakilishi wa wavuvi, kama nilivyoiandika:

"Unasema wazi kwamba hutaki ukuta kwa sababu utaharibu ufuo. Ni kweli, lakini si hilo tu. Ukuta umechorwa kupita katikati ya diko, mahali mashua 40 zinaposhushwa na kupandishwa, na hakuna aliyekuuliza zitakwenda wapi. Ukipewa njia ya kupitisha mashua, unaweza kukubali ukuta mfupi. Usilitaje hili mpaka mtu akuulize kwa nini unapinga."

Tazama sentensi ya mwisho. Inamlazimu mtu mwingine mezani kuuliza "kwa nini". Kuna meza zinazobishana saa nzima juu ya ukuta bila yeyote kuuliza, na kuna meza ambayo mtu huuliza dakika ya tano, na mambo yote yakageuka.

Onyo: usiandike mtu mbaya. Mara ya kwanza kabisa nilimwandika mwenye hoteli kama mlafi, na karatasi yake ilikuwa na mistari minne tu wakati za wengine zilikuwa ukurasa. Aliyeipata alikuwa mama mmoja mtulivu, muuza samaki. Aliisoma mara mbili, akaniita pembeni akaniuliza, "Huyu hana watoto?" Niliirekebisha usiku uleule. Sasa mwenye hoteli wangu ana wafanyakazi 30 wanaotegemea mshahara, ana mkopo, na ana ufuo unaopungua kila msimu.

Urefu wa karatasi usizidi ukurasa mmoja. Herufi ziwe kubwa.

6. Weka kanuni ya kukubaliana. Mapatano yapite iwapo angalau watano kati ya sita wanakubali, na kiongozi wa mji awe mmoja wao. Kura ya walio wengi isitumike, maana wanne wataungana mapema na wawili waliobaki watakaa kimya. Saa moja ikiisha bila mapatano, hakuna kinachojengwa.

7. Jaribu na marafiki. Mara moja inatosha. Kama wamekubaliana kabla ya nusu saa, ongeza gharama au punguza kokoto. Kama wamekwama kabisa, kuna karatasi uliyosahau kuiandikia jambo la kuachia.

8. Siku yenyewe, gawa nafasi kinyume. Toa dodoso la kwanza kabla hujasema lolote. Maswali yawe manne: unaona hatari ni kubwa kiasi gani, unaamini kiasi gani kwamba mji unaweza kufanya kitu, nani anawajibika, na ni chaguo gani unalolipenda. Kisha gawa karatasi kwa makusudi. Mvuvi asipewe mvuvi. Kiongozi halisi asipewe kiongozi, kwa sababu wengine watamwogopa ndani ya mchezo kama wanavyomwogopa nje. Mpe nafasi ya mpangaji.

Wape dakika 20 za kusoma. Wenye nafasi moja kutoka meza tofauti wakae pamoja wasaidiane: wahandisi kona ile, wapangaji kona hii. Asiyesoma asomewe hapo, kwa sauti ya chini, pamoja na wenzake, na hakuna atakayejua nani alisomewa.

9. Anzisha, kisha nyamaza. Dakika 60. Zunguka, sikiliza, andika maneno utakayoyahitaji baadaye. Mtu akikuuliza "tufanyeje?", mjibu "karatasi yako inasemaje?" na uondoke. Wenyeji wa kazi hii huona ukimya huu mgumu kuliko yote, nami bado napata shida nao. Tangaza muda mara mbili tu: zikibaki dakika 20, na zikibaki tano.

10. Tupa dadu. Kila meza ibandike mapatano yake ukutani. Kisha tupa dadu mara tatu, kwa 2030, 2040 na 2050. Mara ya kwanza mafuriko yanakuja ikitoka 1, mara ya pili ikitoka 1 au 2, mara ya tatu ikitoka 1, 2 au 3. Yakija, soma kilichotokea kwa kila meza kulingana na ilichojenga: mikoko iliyopandwa jana haizuii mawimbi ya 2030, lakini ya 2050 inasaidia, tahadhari ya mapema haiokoi nyumba, huokoa watu. Waambie wazi kwamba namba za dadu ni za mchezo na si utabiri. Dadu linafundisha jambo moja tu, kwamba bahati ile ile inazidi kuwa mbaya kadiri usawa wa bahari unavyopanda. Kituo cha Tabianchi cha Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kimetumia dadu na michezo kwa miaka mingi kufundisha maamuzi ya maafa, na ukiona watu wazima wanavyoinuka vitini dadu likivingirika utajua kwa nini.

11. Wavue nafasi, ndipo mzungumze. Kila mtu abandue kibandiko, ataje jina lake halisi, na ahame kiti. Usiruke hatua hii. Nimeona watu wawili wakitoka nje wakiwa bado wamenuniana kwa ugomvi wa karatasi.

Sasa dakika 45 za mazungumzo, na zisiguswe. Wanaoanza huachia mchezo ule muda wote, halafu wanabaki na dakika kumi za "asanteni sana". Mchezo bila mazungumzo haya ni burudani ya mchana mmoja. Uliza kwa mpangilio huu:

- Ilikuwaje kukaa kwenye kiti kile? Anza na waliokuwa wapangaji.
- Ni wakati gani ulibadilisha mawazo, na nani alisema nini?
- Meza hii ilijenga ukuta, ile ikahamisha shule. Karatasi zilikuwa zile zile. Tofauti imetoka wapi?
- Katika mji wetu, nani hana kiti kwenye meza kama hii?
- Kipi kati ya haya kinawezekana hapa, na nani wa kwanza kuambiwa?

Swali la tatu ndilo sababu ya kutaka meza zaidi ya moja. Watu wakiona taarifa zile zile, fedha zile zile na bahari ile ile zimezaa mapatano matatu tofauti, wanaelewa bila kuambiwa kwamba matokeo yanategemea namna walivyozungumza. Liache swali likae. Usilijibu wewe.

12. Toa dodoso la pili, kisha upeleke matokeo. Maswali yawe yale yale ili ulinganishe. Ndani ya wiki moja peleka kurasa mbili kwa ofisi inayohusika na mipango na kwa washiriki wote: walichojenga, walichoogopa, walichouliza. Usitaje nani alisema nini.

Onyo kubwa kuliko yote: kama uamuzi umeshapitishwa ofisini na unatafuta namna ya kuwafanya watu waumeze, usitumie mchezo huu. Watagundua, na safari nyingine hata ukija na jambo la kweli hawatakaa mezani.

Mambo yakienda mrama

*Mmoja anaongea peke yake.* Msaidizi wa meza amnong'oneze kiongozi wa mji aombe kila mmoja aseme sentensi moja kwa zamu. Usimkemee hadharani.

*Watu wanacheka tu, hawaingii.* Wape dakika kumi. Kicheko cha mwanzo ni aibu. Kikiendelea, weka kokoto 100 katikati ya ramani na useme, "Anzeni kuzigawa." Mikono ikigusa kokoto, maneno hufuata.

*Mtu ametoka kwenye nafasi na kuanza kueleza msimamo wake halisi.* Mgusie kibandiko chake kifuani. Mara nyingi hiyo inatosha. Andika alichosema, umrudishie kwenye mazungumzo ya mwisho.

*Mtu hakubali kwamba bahari inapanda.* Usibishane naye kwenye maelezo ya mwanzo. Mpe nafasi ya mhandisi, mwenye namba mkononi, na umwache azitumie.

*Hakuna meza iliyokubaliana.* Usiongeze muda. Tupa dadu hivyo hivyo, mji ukiwa haujajenga kitu. Kwenye mazungumzo uliza ni pendekezo gani lilikaribia kupita, na lilihitaji nini.

*Mtu ameguswa kupita kiasi.* Hutokea, hasa kwa waliopoteza nyumba. Msaidizi mmoja atoke naye, amletee maji, akae naye bila maswali. Asirudishwe kwenye meza yake siku hiyo, lakini asiachwe nje ya mazungumzo kama anataka kurudi. Mzee mmoja aliyetoka hivyo alirudi wakati tunabandua karatasi ukutani. Aliomba kalamu, akaenda kwenye ramani ya mji wetu wa kubuni, akachora mstari wa maji ndani zaidi ya ule tuliouchora sisi, nyuma ya shule. "Kwetu yalifika hapa," alisema. Ramani ninayoitumia sasa ina mstari wake.